Nani Anakula Kuku Wako? Mwongozo wa Kukabiliana na Mbweha Mjini Tabora

Maswali yanatoka Isevya, Ipuli, Kiloleni, Itetemia, hata Kwihara, lakini yanafanana kama yameandikwa na mtu mmoja: "Kuku wangu wanapungua usiku. Nasikia vilio nyuma ya nyumba. Majirani wanasema ni mbweha. Niweke sumu gani?"

Jibu fupi: usiweke sumu yoyote. Jibu refu linaanzia kwenye jambo moja ambalo ukilishika, mengine yote yatakuwa mepesi. Mnyama hafuati nyumba yako, anafuata chakula, na anaingia kwa tundu uliloliacha wewe. Ziba tundu, ondoa chakula, naye atakwenda kutafuta kwingine. Ukimuua ukaviacha hivyo viwili palepale, eneo lake litarithiwa na mwenzake aliyekuwa akisubiri nje, nawe utarudi na swali lilelile.

Ndiyo maana humu utakuta nyundo, waya na jembe mara nyingi kuliko bunduki na mitego.

## Wametoka wapi hadi mjini?

Hawakutoka mbali. Tabora imezungukwa na miombo, na mji unapanuka kwa kuingia humo humo. Viwanja vipya vinapimwa, watu wanafyeka, wanajenga nusu na kuondoka. Mbweha anabaki na vitu vitatu anavyovipenda: vichaka vya kujificha, mapagale na vichuguu vya kulala, na majalala ya kula.

Anayeonekana zaidi katika misitu yetu ni mbweha mwenye mstari ubavuni na ncha nyeupe ya mkia. Ana uzito wa kilo 7 hadi 12 hivi, chini ya mbwa wengi wa mitaani. Hutembea peke yake au na mwenzi wake, na hali nyama tu. Hula panya, panzi, kumbikumbi, mizoga, mabaki ya jikoni na matunda. Msimu wa maembe unapofika, miembe iliyojaa Tabora inamwandalia karamu chini ya kila mti. Akishazoea kuja kuokota maembe uani kwako, ataliona na banda la kuku.

Wala hili si la Tabora peke yake. London ina mbweha wekundu wanaozalia chini ya vibanda vya bustani. Huko Harar, mji wa kale wa Ethiopia, fisi huingia mitaani usiku kutafuta mifupa na mabaki. Kote huko chanzo ni kilekile: mji unatupa chakula, mnyama anakiokota.

## Kabla ya yote, mjue mwizi wako

Kosa la kwanza la wasomaji wengi ni kumlaumu mbweha kwa kila kuku anayepotea. Kila mwizi ana mlango wake, na ukikosea mwizi utaziba mlango usio wake. Soma alama za asubuhi kabla hujafagia:

- Mbweha: kuku mmoja au wawili hawapo kabisa, manyoya yanaelekea kichakani. Kuna shimo lililochimbwa chini ya ukuta wa banda au senyenge. Nyayo ni kama za mbwa mdogo.
- Kanu: banda limefungwa vizuri, lakini kuku wamekufa ndani, wameliwa kichwa, shingo au kifua. Huyu ni mpandaji. Tafuta nafasi juu, kati ya bati na ukuta.
- Nyegere: banda limevunjwa. Mbao zimeng'olewa, udongo umefukuliwa, kuku wengi wameuawa kwa usiku mmoja. Wafuga nyuki wanamfahamu, kwani ndiye huyohuyo anayevunja mizinga.
- Nguchiro: mayai yamevunjwa, vifaranga wamepungua, na yote yametokea mchana.
- Kicheche: mayai na vifaranga vimeliwa, na harufu kali imebaki pale.
- Mwewe: vifaranga wanatoweka mmoja mmoja mchana, mahali pa wazi. Hakuna nyayo.
- Mbwa wa mtaani: kuku au mbuzi wengi wameng'atwa na kuachwa bila kuliwa. Hii ndiyo kesi inayobandikwa mbweha mara nyingi kuliko zote.
- Fisi: mbuzi ametoweka au limebaki tumbo tu. Nyayo ni kubwa, za mbele zikizidi za nyuma, na kucha zinaonekana. Kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa anayokula.
- Mtu: hakuna manyoya, hakuna damu, na komeo limefunguliwa kwa ustaarabu. Huyu mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa.

Huna uhakika? Jioni chukua majivu ya jikoni, yachekeche, kisha yatandaze kwa unene mdogo mbele ya mlango wa banda, chini ya senyenge na pembeni ya jalala. Asubuhi nyayo zitakusomea jina. Piga picha kwa simu huku umeweka kiberiti pembeni ili kipimo kionekane, umwonyeshe afisa mifugo au afisa wanyamapori. Fanya hivyo usiku kadhaa mfululizo, maana wageni wanaweza kuwa zaidi ya mmoja.

Swali la kujiuliza kwa uaminifu: je, kuku wako wanaliwa au wanakufa? Ugonjwa wa mdondo unaweza kumaliza banda zima, kisha mwenye kuku anatupa mizoga kichakani, mbweha anaifuata, naye anaonekana ndiye muuaji. Kama hujachanja, anza hapo. Chanjo ya I-2 inayotengenezwa nchini hutiwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa mzike au mchome, usimtupe.

## Banda lisiloingilika

Ukiwa na fedha ya kufanya jambo moja tu, lifanye hili. Fuata mpangilio huu kuanzia chini, kwa sababu mbweha huanzia chini.

1. Sakafu na msingi. Banda la mawe au tofali za kuchoma lenye msingi ndilo bora. Kama ni la fito na udongo, chimba mtaro wa sentimita 30 kulizunguka, ujaze mawe na kushindilia.
2. Sketi ya waya. Kama huwezi kuchimba, laza wavu wa chuma juu ya ardhi kuzunguka banda, utoke nje sentimita 50, uushindilie kwa mawe na udongo. Mbweha huchimba pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta waya hapo, hana akili ya kurudi nyuma nusu mita akaanzie mbali.
3. Wavu wenyewe. Ule mwembamba wa matundu ya pembe sita unamzuia kuku asitoke, haumzuii mbweha asiingie, kwani anaukata kwa meno. Tumia waya uliochomelewa, wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5. Mahali penye kanu, chagua matundu madogo zaidi.
4. Juu. Kagua nafasi kati ya ukuta na paa. Kanu anapenya mahali ambapo hungedhani hata paka anapita. Zibia kwa waya, si kwa matambara wala makuti.
5. Mlango. Ubao wenye unene wa kutosha, bawaba imara, komeo la kusukuma na kipande cha waya au kufuli juu yake. Kufunga kwa kamba ni kumwachia nyegere mchezo. Nafasi chini ya mlango isipitishe vidole vinne.
6. Kichanja. Banda la juu, lililoinuliwa karibu mita moja kwa nguzo, linasaidia sana mahali penye mbweha. Zivishe nguzo bati laini katikati ili kanu asipande.

Fedha haitoshi? Usijenge banda kubwa bovu. Jenga dogo lililo imara, la kulala tu, na mchana waache kuku watembee. Hasara nyingi za mbweha hutokea usiku na alfajiri.

Saa ya kufunga. Hapa ndipo wenye mabanda mazuri wanapoangukia. Banda hufungwa kabla ya magharibi, si baada ya taarifa ya habari. Mpe mtu mmoja kazi hiyo, awahesabu kuku kila jioni. Kazi ya wote huwa haina mwenyewe. Asubuhi usifungue kabla ya jua kutoka.

## Mbuzi na kondoo

Mbweha hamwezi mbuzi mzima, ila mtoto wa mbuzi wa siku chache anamweza. Fisi anawaweza wote.

Wazee wa njia ya misafara walilijua hili. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulipopiga kambi porini ulijizungushia boma la miiba kabla ya giza. Hapa Unyanyembe watu walijenga tembe: kuta nene za udongo, paa bapa, vyumba vikizunguka ua, na mifugo ikilala ndani kwa usiku. Nenda Kwihara ukaangalie tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho. Liangalie kwa jicho la mfugaji: kuta zisizoonyesha kitu ndani, milango michache, na watu wanaolala karibu na mifugo yao.

Masomo yake unaweza kuyatumia leo:

- Ukuta uzibe macho. Mbuzi akimwona fisi hutaharuki na kuvunja zizi mwenyewe kutoka ndani, na nje ndiko anakosubiriwa.
- Mlango mmoja, wenye nguvu sawa na ukuta. Tawi la mwiba lililosogezwa mlangoni si mlango.
- Zizi liwe karibu na dirisha la mtu anayelala. Zizi lililo mwisho wa kiwanja ni la fisi.
- Mbuzi mwenye mimba ya karibu alale ndani. Harufu ya damu na kondo la nyuma huwaita wanyama kutoka mbali. Akizaa, zika kondo palepale, kina cha mkono mzima.

Ua wa minyaa, uliozoeleka Unyamwezini tangu zamani, ni mzuri lakini una udhaifu mmoja: chini huwa wazi. Panda kwa kubananisha, kisha ziba chini kwa miiba au waya. Tahadhari: utomvu wa minyaa ukiingia jichoni unaweza kuliumiza vibaya. Ukate ukiwa umevaa miwani au umegeuza uso, na watoto wawe mbali. Ukikupata, osha jicho kwa maji mengi na uende hospitali.

## Ondoa karamu

Banda imara linalinda kuku. Lakini kama uani bado kuna chakula, mbweha ataendelea kuja na kujaribu. Zunguka kiwanja chako jioni moja ukiwa na daftari, uandike kila kinacholika.

- Maembe yaliyoanguka: okota kila jioni wakati wa msimu. Mpe nguruwe au ng'ombe, au yafukie.
- Matumbo ya samaki, kuku na mbuzi: zika kina cha zaidi ya nusu mita na uweke mawe juu kabla ya kufukia. Mfuko wa nailoni uliofungwa na kutupwa haufichi harufu.
- Bakuli la mbwa: mbwa ale jioni, bakuli liondolewe.
- Pumba na mtama uliomwagika bandani: vinaita panya, na panya wanaita mbweha.
- Shimo la taka: liwe na mfuniko, au funika taka kwa udongo kila baada ya kutupa.
- Jalala la mtaa: hili huliwezi peke yako. Lipeleke kwenye mkutano wa mtaa. Nyumba kumi zikizika mabaki na ya kumi na moja ikitupa, mbweha atakaa palepale na kutembelea zote.

Wenye bucha, mama lishe na wachoma nyama, mnahusika zaidi. Mifupa inayobaki jikoni usiku ndiyo inayomfundisha mnyama njia ya kuingia mtaani.

## Kuna familia yao kwenye pagale. Nifanyeje?

Usiingie na panga, wala usichome moto. Mbweha mwenye watoto anayebanwa kwenye kona ndiye anayeuma. Fanya hivi:

1. Hakikisha kama wamo. Ziba mdomo wa shimo kwa majani makavu yaliyolegezwa, tandaza majivu mbele yake.
2. Kama majani yanasukumwa kila usiku, wamo. Anza kuwasumbua bila kuwagusa: pitapita hapo mchana, fyeka majani, washa redio karibu, acha tambara lenye harufu ya jasho la mtu. Mara nyingi mama huwahamisha watoto mwenyewe.
3. Majani yakikaa siku tatu au nne bila kuguswa, wametoka. Hapo ndipo uzibe, siku hiyo hiyo, kwa mawe na zege au waya uliozikwa.
4. Kisha ng'oa vichaka kuzunguka pagale. Kama si lako, mtafute mwenye kiwanja kupitia ofisi ya mtaa.

Ukiziba wakiwa ndani, watoto watafia humo, harufu itakushinda, na mama atachimba hadi msingi wako upate ufa. Kalvati za barabara na kingo za reli nazo zikaguliwe, ila usizibe njia ya maji. Toa taarifa kwa wahusika.

## Makosa yanayorudiwa kila mwaka

Sumu. Dawa ya mashamba inayopakwa kwenye nyama haichagui. Itamuua mbwa wako, paka wa jirani, tai atakayekula mzoga, na inaweza kumfikia mtoto anayeokota. Mwaka 2018 huko Uganda, simba 11, wanane kati yao wakiwa watoto, walikufa katika Hifadhi ya Queen Elizabeth baada ya kula nyama yenye sumu. Mtaani kwako hakuna simba, lakini mnyororo ni huohuo. Zaidi ya hayo, sumu ni njia iliyokatazwa na sheria.

Kitanzi cha waya. Nacho kimekatazwa. Katika mtaa wenye watu kinanasa mbuzi na mbwa kabla ya mbweha.

Kumlisha ili "atulie". Mbweha anayelishwa hutulia kwako na kuwa jasiri kwa jirani. Akizoea watu, siku moja atamuuma mtoto anayemsogezea mkate.

Kuchukua mtoto wa mbweha afugwe. Anapendeza akiwa mdogo. Akikua, si mbwa, na kumfuga bila kibali ni kosa.

Kutegemea taa na kelele peke yake. Taa ya sola inafanya kazi usiku wa mwanzo, kisha mnyama anaizoea. Itumie kama nyongeza, na uihamishe mahali kila baada ya siku chache.

Mbwa asiyechanjwa. Mbwa ni mlinzi mzuri, lakini ndiye pia daraja la ugonjwa kati ya porini na chumbani kwako. Mchanje dhidi ya kichaa kila mwaka, na usimwache azurure usiku.

## Akiwa fisi, mambo ni mengine

Mbweha anakimbia watu. Fisi naye kwa kawaida anakimbia, lakini ana nguvu za kumuua mtu, hasa mtoto au aliyelala. Mtaani kwenu akisikika au kuonekana:

- Watoto wasitumwe dukani wala kisimani baada ya jua kuzama. Wanaokwenda shule alfajiri waende kwa kundi, na mtu mzima mwenye tochi.
- Usilale nje kwa sababu ya joto, hata barazani. Aliyelala chini anaonekana kama mzoga.
- Aliyelewa asiachwe arudi peke yake.
- Ukikutana naye, usikimbie. Simama, mkazie macho, inua mikono au kanga juu ujionyeshe mkubwa, piga kelele, rusha mawe, urudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo.
- Toa taarifa siku hiyo hiyo, hata kama hajadhuru mtu.

"Lakini huyu si fisi wa kawaida, ametumwa." Neno hili linasemwa sana kwetu, kwa hiyo nalijibu waziwazi. Fisi anayekuja mlango uleule usiku baada ya usiku anakuja kwa sababu aliwahi kupata chakula hapo. Anayekwepa mitego ni mnyama mwerevu, basi. Hatari ya neno hilo ni kwamba haliishii kwa fisi. Linamfikia bibi fulani anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Katika mikoa ya magharibi na kanda ya ziwa wazee wameuawa kwa tuhuma za aina hiyo. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamfanya mkosaji hata yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Ukisikia jina la mtu likianza kutajwa, mwone mwenyekiti wa mtaa au polisi kabla mambo hayajachafuka. Kisha nenda ukaimarishe zizi.

## Ukiumwa au kukwaruzwa

Sehemu hii isome hata kama huna kuku. Kichaa cha mbwa hubebwa zaidi na mbwa, lakini mbweha, fisi na nguchiro wanaweza kuwa nacho. Dalili zikishaanza kwa mtu, ni kifo karibu kila mara. Kabla ya dalili, unaokolewa kabisa. Kwa hiyo:

1. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani.
2. Paka spiriti au dawa ya iodini kama ipo.
3. Usipake majivu, pilipili, mafuta ya taa, tope wala dawa ya mitishamba. Jeraha lisifungwe kwa kubana.
4. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa Tabora mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Kama uko mbali, anza na kituo cha afya kilicho karibu na uulize chanjo ilipo.
5. Maliza dozi zote kwa tarehe utakazopewa. Wengi huacha baada ya ya kwanza kwa sababu jeraha limepona. Kidonda kikipona, virusi bado vinaweza kuwa safarini kuelekea kwenye ubongo.
6. Mweleze afisa mifugo ili mnyama atafutwe na mbwa wa mtaa wachanjwe.

Dalili za kuogopa kwa mnyama: mbweha anayetembea mchana kweupe bila woga, anayeyumba, anayetoa udenda, anayeng'ata vijiti na mawe, au anayemfuata mtu. Ingiza watoto ndani, mfungie mbwa, piga simu. Akikutwa amekufa, usimguse kwa mikono mitupu na usimchune.

## Sheria inasemaje?

Kwa kifupi, kwa sababu ndiyo inayowaingiza wengi matatani:

- Mnyamapori ni mali ya umma, hata akiwa uani kwako. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ndiyo inayotawala.
- Unaruhusiwa kujitetea wewe, mtu mwingine au mali yako dhidi ya hatari iliyopo wakati huo. Kumtegea au kumwinda baadaye ni jambo jingine.
- Ukilazimika kuua, toa taarifa mara moja. Mzoga, ngozi, meno na mkia ni nyara za serikali. Kipande cha ngozi ya fisi kilichohifadhiwa "kama dawa" kinaweza kukufikisha mahakamani.
- Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa na wanyama waliotajwa kuwa hatari. Hiyo si fidia kamili, na usitegemee kulipwa kuku. Lakini ng'ombe au mtu akishambuliwa, piga picha, usisogeze ushahidi, na uite viongozi siku hiyo.

Njia ya taarifa: mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa kata, kisha afisa wanyamapori wa manispaa au halmashauri, ambaye atawasiliana na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Kwa ugonjwa, afisa mifugo. Hifadhi namba zao kwenye simu leo mchana, si usiku wa kilio.

## Bado una shaka?

"Nimemuua mmoja na kimya kimerudi." Kwa muda. Mbweha wana maeneo yao, na eneo tupu lenye chakula halikai tupu.

"Waya ni ghali." Hesabu kuku waliopotea mwaka huu, zidisha kwa bei ya sokoni. Kisha anza na sketi ya waya upande mmoja tu, ule wenye alama za kuchimbwa.

"Mimi nina ukuta wa tofali kiwanja kizima." Angalia tundu la kupitishia maji ya mvua na nafasi chini ya geti. Weka nondo zilizosimama zenye nafasi zisizozidi sentimita 5, maji yapite, mbweha abaki nje.

"Kwa nini tusiwamalize kabisa?" Mbweha wanakula panya, na panya wanakula mahindi yako ghalani. Mtaa usio na mbweha una bili yake pia.

## Kazi ya wiki moja

- Jumatatu: tandaza majivu, soma nyayo.
- Jumanne: endelea na majivu. Orodhesha kila chakula kilicho uani.
- Jumatano: zika mabaki, okota maembe, funika shimo la taka.
- Alhamisi: ziba chini ya banda. Anza upande uliochimbwa.
- Ijumaa: ziba juu, rekebisha mlango na komeo.
- Jumamosi: mpeleke mbwa akachanjwe, ulizia chanjo ya mdondo.
- Jumapili: ongea na majirani wa pande zote mbili, na umwombe mwenyekiti aliweke jalala kwenye ajenda.

Wiki inayofuata tandaza majivu tena. Nyayo zikizunguka banda bila kuingia, kazi yako imefaulu, kwani mbweha atapita, atanusa na kwenda zake. Nyayo zikiingia, zifuate hadi kwenye tundu, uzibe, kisha uendelee kuhesabu kuku kila jioni.